Amana Huanzia Mtaani



Wapenzi wasomaji, kila msimu wa uchaguzi ukikaribia, mitaa yetu ya pwani hubadilika sura. Magari yenye vipaza sauti hupita yakitangaza majina, picha za wagombea hubandikwa kutani, na akina mama huitwa mikutanoni kuimba, kupiga vigelegele na kupokea leso. Siku ya kura ikipita, mama hurudi jikoni kwake na mheshimiwa huelekea ofisini kwake. Miaka mitano inayofuata twabaki kulalamikia maji, karo na zahanati isiyo na dawa.

Wiki hii tumeona tuizungumzie safari ya mwanamke wa Kiislamu aliyeingia katika siasa kwa mlango mwingine. Ni Ilhan Omar, mbunge wa Marekani kutoka jimbo la Minnesota. Jina lake wengi wetu tumelisikia likitajwa kutoka Washington, likisifiwa na wengine na kushutumiwa na wengine. Lakini yenye faida zaidi kwetu ni yale yaliyotangulia Washington, yaani miaka yake ya siasa za mtaani na muhula wake mmoja katika baraza la jimbo. Huko ndiko ngazi ilikojengwa, nasi aghalabu twatazama kileleni tukasahau vidato vya chini.

Ilhan alizaliwa Mogadishu, Somalia, mwaka wa 1982. Mama yake alifariki angali mtoto mdogo sana, akalelewa na baba yake na babu yake. Vita vya 1991 vilipozuka familia ilikimbia, na kwa muda wa miaka minne iliishi katika kambi ya wakimbizi hapa hapa Kenya. Mwaka wa 1995 walifika Marekani, na miaka miwili baadaye wakahamia mji wa Minneapolis, ambako Wasomali wengi wamefanya makao yao.

Huko ndiko lilikotokea jambo ambalo tungependa kila mzazi alizingatie. Babu yake alipenda kuhudhuria mikutano ya chama ya mtaani, ile ambayo wakaazi wa kawaida hukutana kujadili mambo yao na kuchagua wajumbe. Kwa kuwa mzee hakuimudu lugha ya Kiingereza, alimchukua mjukuu wake, binti wa takriban miaka 14, awe mkalimani wake. Yule mzee hakumwambia mjukuu kwamba siku moja atakuwa mbunge. Alichofanya ni kumtia mkononi kazi ndogo yenye maana, na kumkalisha mahali ambapo watu wazima walikuwa wakiamua mambo. Msichana alikua akijua kwamba mikutano ile ina milango, na kwamba milango ile iko wazi kwake.

Alifanya kazi ya kuwaelimisha wanajamii kuhusu lishe bora, kazi inayofanana na ya wahudumu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba mitaani kwetu. Mwaka wa 2012 alisimamia kampeni ya Kari Dziedzic, aliyekuwa akitetea kiti chake katika seneti ya jimbo. Mwaka wa 2013 akasimamia kampeni ya Andrew Johnson, mgombea wa baraza la mji wa Minneapolis. Johnson aliposhinda, Ilhan akawa msaidizi wake katika mambo ya sera. Tazameni utaratibu huo. Kabla hajawaomba watu kura kwa jina lake, alikuwa ameziomba kwa majina ya wengine, na amejifunza jinsi orodha ya wapiga kura inavyosomwa, jinsi mlango unavyobishwa, na jinsi ahadi inavyogeuzwa kuwa bajeti.

Njia hiyo haikuwa ya zulia. Februari 2014, mkutano wa chama katika mtaa wa Cedar-Riverside, wenye wakaazi wengi wa asili ya Kiafrika, ulivunjika kwa vurugu. Ilhan, aliyekuwapo pale, alishambuliwa na watu kadhaa akajeruhiwa. Kinyang'anyiro cha wakati ule kilikuwa kati ya mbunge wa miaka mingi, Bi. Phyllis Kahn, na kijana wa Kisomali, Mohamud Noor. Bi. Kahn ndiye aliyeshinda mwaka ule. Mwanamke mwingine angeapa kutokanyaga tena mkutanoni. Yeye, miaka miwili baadaye, alirudi akiwa mgombea.

Uchaguzi wa 2016 ulikuwa wa eneo liitwalo 60B, linalokusanya mitaa ya chuo kikuu cha Minnesota na mtaa ule ule wa Cedar-Riverside. Baraza la Wawakilishi la jimbo lina wajumbe 134, na kila mmoja huhudumu kwa miaka miwili. Insafu yatulazimu tuseme kwamba Bi. Kahn hakuwa mtu wa kudharauliwa. Alichaguliwa mara ya kwanza mwaka wa 1972, wakati wanawake katika baraza lile walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na alikuwa miongoni mwa walioongoza kupitishwa kwa sheria ya 1975 ya kuzuia uvutaji sigara ndani ya majengo ya umma, iliyotangulia nyingi za namna yake nchini Marekani. Alikuwa ametumikia miaka 44. Hivyo uchaguzi ule haukuwa wa mwema dhidi ya mwovu. Palikuwa na mwanamke aliyefungua mlango enzi zake, na mwanamke mwingine aliyesema kwamba mtaa umebadilika na wakaazi wapya nao wahitaji sauti.

Ilhan, wakati huo mama wa watoto watatu, hakutegemea kura za Wasomali peke yake. Lau angefanya hivyo angeshindwa, kwani Noor naye aligombea tena, na kura za jamii zingegawanyika. Alikwenda kwa wanafunzi wa chuo kikuu, ambao aghalabu hawajitokezi kupiga kura ya mchujo. Alikwenda kwa wenyeji wa zamani wa mitaa ile, na kwa wahamiaji wa Afrika Mashariki. Matokeo ya mchujo wa Agosti 2016 yalimpa karibu asilimia 41, na wapinzani wake wawili kila mmoja akapata chini ya asilimia 30. Katika eneo lile lenye mwelekeo wa chama kimoja, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Novemba alishinda bila taabu, akawa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Kisomali kuchaguliwa katika bunge la jimbo lolote nchini humo.

Hapa tunawaomba akina mama mshike hesabu moja. Kura zote zilizopigwa katika mchujo ule hazikufika 6,000, na za mshindi zilikuwa takriban 2,400. Mwenye kiti cha miaka 44 aliondolewa na idadi ya watu wanaoweza kuenea katika harusi mbili tatu kubwa za pwani. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha siasa za mtaani ni kidogo kuliko tunavyodhani.

Aliapishwa Januari 2017. Chama chake cha DFL kilikuwa upande wa wachache barazani, hata hivyo wenzake walimteua kuwa mmoja wa wasaidizi wa kiongozi wao. Aliandika miswada 38 katika kipindi hicho cha miaka miwili. Mjumbe wa upande wa wachache huona miswada yake mingi ikikwama, na huko nako ni kujifunza: kuvumilia, kutafuta washirika, na kurudi kesho na hoja ile ile ikiwa imenolewa.

Mwaka wa 2018 Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la taifa la Marekani, alikiacha kiti chake ili agombee uanasheria mkuu wa Minnesota. Ilhan alijitosa, akashinda mchujo kwa asilimia 48 na uchaguzi wenyewe kwa asilimia 78. Januari 2019 yeye na Rashida Tlaib wa Michigan wakawa wanawake wa kwanza wa Kiislamu katika bunge lile. Kanuni ya mwaka wa 1837 iliyokataza kufunika kichwa ukumbini ilibidi irekebishwe ili aingie na hijabu yake. Nacho kile kiti cha 60B alichokiacha, aliyekichukua ni Mohamud Noor, yule yule aliyeshindwa mara mbili.

Ellison alipitia baraza la jimbo la Minnesota. Tlaib alipitia baraza la jimbo la Michigan. Ilhan vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeruka kutoka jikoni au ofisini hadi bunge la taifa kwa mruko mmoja.

Lakini amana ina upande wa pili, na safu hii haingekuwa ya haki kama tungeuficha. Juni 2019, bodi inayosimamia fedha za kampeni Minnesota iliamua kwamba baadhi ya fedha za kampeni yake ya jimbo zilitumika kinyume cha sheria. Aliagizwa airejeshee kamati yake takriban dola 3,500 na alipe faini ya dola 500. Ni kiasi kidogo kwa macho ya wanasiasa wetu wanaotajwa kwa mamilioni. Lakini twajiuliza: ni lini hapa kwetu mwanasiasa ameulizwa hadharani kuhusu kiasi kama hicho akaamriwa akilipe? Dini yetu yatufundisha kuwa uongozi ni amana, na amana haipimwi kwa ukubwa wa fungu. Mwenye kuiba pishi ya mchele wa madrasa na mwenye kula fedha za barabara, wote wameivunja.

Vilevile ulimi. Februari 2019 aliomba radhi kwa ujumbe alioandika kuhusu siasa za Israeli, uliolaumiwa kuwa na dhana mbaya dhidi ya Mayahudi. Miaka minne baadaye, Februari 2023, wengi bungeni walipiga kura 218 kwa 211 kumwondoa katika kamati ya mambo ya nje, wakitaja kauli zake. Yeye na watetezi wake walisema analengwa kwa dini yake, asili yake na kwa kuwasemea Wapalestina. Msomaji atapima mwenyewe. Nasi twaongeza hili tu: mwanamke wa Kiislamu akisimama mbele ya watu, neno lake huchunguzwa zaidi ya la wengine, na huo ni mzigo unaopaswa kujulikana kabla ya kubebwa. Hata wapiga kura wake hawakumpa kiti cha milele. Katika mchujo wa 2022 alinusurika kwa tofauti ya takriban asilimia 2.

Sasa turudi nyumbani. Kenya ina wadi 1,450. Katika uchaguzi wa 2022, wanawake waliochaguliwa moja kwa moja kuwa wawakilishi wadi walikuwa 115. Wengine huingia mabarazani kwa uteuzi wa vyama, ili katiba itimizwe, na wengi wao huingia wakiwa na deni kwa aliyewateua. Hata hivyo mfano mwema tunao karibu. Bi. Fatuma Achani wa Kwale alikuwa naibu gavana tangu 2013, na mwaka wa 2022 wananchi wakamchagua kuwa gavana. Naye alipanda kidato baada ya kidato.

Twajua kuwa maulamaa wetu wana kauli mbalimbali kuhusu mipaka ya uongozi wa mwanamke, na mwenye swali la kidini amwendee mwanachuoni anayemwamini. Lakini kuna mambo yasiyo na mjadala. Kujisajili kupiga kura hakuna mjadala. Kuhudhuria kikao cha wadi cha kujadili bajeti ya kaunti, ambacho sheria yatupa haki ya kukihudhuria, hakuna mjadala. Kumwuliza mwakilishi wadi fedha za zahanati zimekwenda wapi ni kudai amana, na kudai amana si utovu wa adabu.

Kwa hivyo twatoa rai kwa familia. Baba au babu anayekwenda kikao cha mtaa, amchukue binti yake japo mara moja, amwachie kazi ya kuandika yanayosemwa. Vikundi vya akina mama vinavyochangishana kila mwezi vitenge nusu saa ya kuulizana: nani kajisajili, nani hajapata kitambulisho, nani atakwenda kikao kijacho akatuletee habari. Na mama atakayepewa leso na mgombea, aipokee akitaka, lakini ajue kwamba leso ile itachakaa kabla ya muhula kwisha, na kura aliyoitoa haitamrudia hadi miaka mitano ipite.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie mabinti zetu elimu, haya na ushujaa, na awape viongozi wetu, wanaume kwa wanawake, hofu ya kuulizwa kuhusu walichokabidhiwa.

Wabillahi tawfiq.