Bustani Si Anasa: Mtaa Tunaoutaka Nkoma

Kuna swali tumeshachoka kulisikia. "Nyie wakimbizi nanyi mnaongelea bustani? Si muongelee kwanza chakula na kazi?" Ndugu zetu wa kambini wanatuuliza, wenyeji wanatuuliza, na kusema kweli hata sisi wenyewe kwenye kikundi tumeulizana. Leo tunajibu.

Nkoma iko Mbale, upande wa barabara ya Kumi, pale penye Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanza mwaka 1988. Wenzetu wako pale. Wengine wanasoma, wengine wanasuka nywele, wengine wanatembeza nguo mgongoni. Wanapanga chumba kimoja, ule muzigo tunaoujua wote: kitanda, jiko, ndoo, na watu wanne. Tangu Mbale na Jinja zipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, kila kiwanja kinaangaliwa kwa jicho la pesa tu. Panapobaki nafasi wazi, kesho utakuta mawe na mchanga vimeshamwagwa, keshokutwa ukuta, na hosteli inapanda. Uwanja mmoja ambapo vijana wetu walikuwa wanacheza mpira na watoto wa wenyeji sasa umezungushiwa mabati. Hakuna aliyetuuliza. Na hao wenyeji je? Nao hawakuulizwa.

Sasa hebu tukumbuke usiku wa tarehe 30 Julai 2022. Mvua ilinyesha huko juu mlimani Elgon, maji yakashuka, mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo zake na kuingia mjini. Zaidi ya watu 20 walikufa. Nyumba zilibebwa, mashamba yakazama, mabomba ya maji yakakatika. Watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Sisi hatubishani na Mungu, ila tunauliza: ni Mungu aliyejenga mpaka ukingoni mwa mto? Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 30 ziachwe kila upande wa mto mdogo, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa humo. Yaani mji ungefuata tu sheria yake wenyewe, tungekuwa na ukanda mrefu wa majani na miti katikati ya jiji, na maji yangekuwa na mahali pa kutandaza miguu bila kuingia kwenye vitanda vya watu.

Ndo maana tunasema bustani si anasa. Mto ukifurika, tajiri yuko ghorofani kule mlimani. Anayeamka na maji kiunoni ni yule wa muzigo, kwa sababu chumba cha bondeni ndicho cha bei rahisi. Na mkimbizi huwa anatafuta cha bei rahisi.

Kuna mji Brazil unaitwa Curitiba. Mito yake nayo ilikuwa inafurika. Wakaamua kuacha ardhi ya mtoni iwe bustani yenye ziwa la kupokea maji, ile ya Barigui ya mwaka 1972. Mvua ikizidi, bustani ndiyo inayolowa. Jua likiwaka, watu wanakimbia mazoezi, watoto wanacheza. Wazo hilo halihitaji mabilioni ya mafuta. Linahitaji mtu wa kusema "hapa hapajengwi" na kusimama hapo hapo hata akiletewa bahasha.

Lakini tusidanganywe na neno "kijani". Kijani nacho kimewahi kutumika vibaya. Mwaka 1913 Waingereza walimtuma Profesa Simpson kuangalia afya ya miji ya Afrika Mashariki. Akapendekeza mitaa ya Wazungu itengwe na mitaa ya Waasia na Waafrika, na katikati uachwe ukanda wazi usiojengwa. Sababu waliyotoa ni magonjwa. Kumbe majani yale yalikuwa ukuta! Na leo kuna bustani za namna hiyo hiyo: geti, askari, tiketi, na kibao cha "usikanyage majani". Mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la ndizi kichwani haruhusiwi. Hiyo siyo bustani ya umma.

Kambi nayo imetufundisha. Sisi tunaojitolea huko tumebeba maturubai, tumechimba mitaro, tumepanga watu kwenye foleni. Kambi imepangwa na mtu asiyelala humo. Nyumba huku, bomba kule, chakula mbali, soko hakuna kwenye ramani. Halafu watu wenyewe wanafungua kinyozi mbele ya nyumba, duka dirishani, chapati chini ya mwembe, na ndipo kambi inakuwa mtaa. Wakubwa wakaliona hilo, ndo maana pale Kalobeyei, Turkana, kuanzia mwaka 2016, shirika la UN-Habitat lilipanga makazi kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji pamoja, na masoko, shule na nafasi za wazi zikawekwa kwenye ramani. Kalobeyei siyo peponi. Jua ni kali na vumbi lipo. Ila swali lao la kwanza lilikuwa sahihi: watu hawa wataishi vipi pamoja?

Sasa Nkoma tunataka nini? Tunasema wazi.

Kwanza, ramani ianze na maji. Kabla ya kuchora kiwanja hata kimoja, chora mto, mitaro na mabonde, uyaache. Hapo ndipo viwe viwanja vya mpira, mboga, miti na njia ya kwenda shule kwa miguu.

Pili, msitenganishe kazi na nyumba. Chini duka, fundi cherehani, saluni. Juu watu wanalala. Mtaa wa kulala tu unakuwa mweupe mchana na wa kutisha usiku. Dada anayetoka darasani saa mbili usiku anasaidiwa zaidi na muuza rolex mwenye taa na jiko kuliko ukuta mrefu wenye vioo juu. Kwa hiyo mtu wa kibanda apewe meza yake kwenye ramani. Msimuache nje halafu kila Jumatatu mje kumfukuza.

Tatu, bustani isiwe na geti. Iwe na kivuli, bomba, choo kinachofunguka, na taa. Miti ipandwe ya maana, mwembe na mvule, siyo maua ya kupiga picha siku ya uzinduzi.

Nne, mpangaji aulizwe. Sheria ya upangaji ya mwaka 2010 inaifanya Uganda nzima kuwa eneo la kupangwa, na inataka rasimu ya ramani iwekwe hadharani ili watu waikague na kupinga. Hadharani maana yake siyo karatasi ya Kiingereza ndani ya ofisi. Ibandikeni sokoni, msikitini, kanisani, kwa mwenyekiti wa LC1. Isomeni kwa Lumasaba, kwa Luganda, kwa Kiswahili.

Mtatuambia ardhi ya Nkoma ni ghali, haiwezi kukaa bure. Jamani, ile ardhi iliyopokea maji ya 2022 haikukaa bure? Ilizaa hasara. Mtatuambia watu watatupa takataka. Hapo mna haki kidogo. Hata sisi tunatupa. Tumemwaga maganda kwenye mtaro na kujifanya hatujaona. Lakini mtaro unaopita mlangoni kwako na una msimamizi anayelipwa, hutaugeuza jaa kirahisi. Uganda ina bulungi bwansi, kazi ya pamoja. Tuiteni. Tunakuja na majembe yetu, tumeyazoea.

Na mtatuambia, nyie ni wageni, mtaondoka. Labda. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, haitupi ardhi, na hatuombi ardhi. Mama Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park mwaka 1989, hakuwa anatetea shamba lake. Alitetea mahali ambapo mtu asiye na shamba anaweza kukaa chini ya mti bila kuulizwa wewe ni nani.

Hapo ndipo penye hoja yetu. Mkimbizi anaulizwa kitambulisho kila mahali. Tunataka sehemu moja mjini ambapo haulizwi. Na mwenyeji wa muzigo, ambaye naye hana kiwanja, anaihitaji sehemu hiyo hiyo.

Wenzetu mlioko Nkoma, Namatala, na nyie wa Walukuba kule Jinja: kabla mabati hayajazungushwa, nendeni kwa mwenyekiti mkaulize ramani iko wapi. Mkiambiwa haipo, tuandikieni hapa. Mkiambiwa ipo, ombeni muione.