Mkono Usiothubutu Kung'oa

Katika masaibu yanayoifika bustani ya mtu anayeanza kulima mboga, aghalabu hutajwa wadudu, ukame na uhaba wa samadi. Walakini kwa rai yangu lililo kubwa kuliko hayo ni mkono usiothubutu kung'oa. Mtu amekwisha kutifua tuta lake, akamwaga mbegu za karoti kwa ukarimu na kuzimwagilia asubuhi na jioni, na miche ilipochipua ikasongamana hata udongo usionekane, basi huona ni dhuluma, tena israfu, kuuondoa hata mmoja.

Dhana hii nadhani tumeirithi kwa mchicha. Mchicha ndio mwalimu wa kwanza wa wengi wetu, nao ni mboga yenye kusamehe: hupandwa kwa kumwagwa, ukaota kwa kubanana, na yapata wiki tatu au nne ukaanza kung'olewa ule mkubwa na kufungwa mafungu, ilhali ule mdogo ukapata nafasi ya kuinuka. Kuvuna kwenyewe ndiko kupunguza, wala mtu hatambui kwamba amepunguza, maadamu alichokitoa kimekwenda chunguni.

Karoti haina hisani hiyo. Kiliwacho kimo ardhini, na mzizi uliobanwa na jirani haunenepi, bali hujisokota na mwenziwe, na baada ya miezi mitatu ya kungoja mtu akavuna nyuzi. Wala hakuna hila ya kuipandikiza ile iliyozidi, kama tufanyavyo nyanya za kitaluni, kwani ncha ya mzizi ikikatika karoti huota panda. Yapasa, miche ifikapo urefu wa sentimita 5 hivi, udongo ukiwa umelainishwa kwa maji, ing'olewe hata ubaki mmoja kila sentimita 5 hadi 8. Na anayechelea kuitikisa mizizi ya jirani na aikate miche iliyozidi kwa mkasi usawa wa ardhi.

Bitiruti ni ya ajabu zaidi: hata aliyepanda punje moja moja kwa uangalifu hujikuta na miche miwili au mitatu mahali pamoja, kwa sababu aidhaniayo kuwa mbegu moja ni kifungu cha mbegu kadhaa. Hapo hapana wa kulaumiwa, na majani machanga ya ile iliyong'olewa ni mboga tamu.

Wako wasemao dawa ni kupanda haba. Kauli hiyo ina nusu ya haki: kuzichanganya mbegu ndogo na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga husaidia sana. Lakini si kila mbegu huota, na mwenye kupanda kwa ubahili hupata tuta la mapengo. Kuzidisha kidogo si kosa; kosa ni kuiacha ziada ikae, shina likashinda na unyevu pasipo hewa, kisha ugonjwa wa kinyausi ukaingia, ukaozesha mashina na kuiangusha miche yote, dhaifu na yenye nguvu.

Laiti walimu wa bustani za shule wangeitaja siku ya kupunguza kama waitajavyo siku ya kupanda! Na waanze na bamia: mbegu tatu kwa shimo, kisha ubaki mche mmoja ulio imara. Hapo miche ni michache, uliozidi nguvu huonekana dhahiri, na mkono wa mwanafunzi hupata kuzoea kuchagua kabla haujafikishwa kwenye tuta la karoti.