Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Mtoto huitwa aliyedumaa anapokuwa mfupi mno kwa umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Iringa iliongoza kwa karibu asilimia 57. Njombe na Rukwa zilifuata, kila moja ikiwa na takriban nusu. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi na viazi! Anayedhani udumavu huletwa na uhaba wa chakula peke yake na aitazame upya orodha hiyo.

Kimo ni dalili tu. Hasara kubwa imo kichwani. Ubongo hujengeka kwa kasi tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka 2, siku zipatazo 1,000, na pengo la wakati huo ni vigumu kulijaza baadaye. Nchini Guatemala, kati ya 1969 na 1977, watoto wa vijiji kadhaa walipewa uji wenye protini, na wa vijiji vingine kinywaji kisicho nayo. Walipofikia utu uzima, wanaume waliopata uji ule katika miaka yao 2 ya mwanzo walikuwa na ujira wa saa uliozidi wa wenzao kwa takriban asilimia 46. Waliouanza baada ya miaka 3 hawakupata faida hiyo.

Kwa nini basi mtoto adumae kando ya ghala? Baada ya miezi 6 maziwa ya mama hayatoshi peke yake, na tumbo la mtoto ni dogo. Uji mwepesi wa sembe hulijaza maji. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto kaachiwa dada yake ambaye naye ni mtoto, na mayai na maharage yamekwenda sokoni. Kuhara kukija, hata kile kidogo hupotea.

Uji na uwe mzito, utiwe karanga au dagaa waliosagwa, na mtoto alishwe mara 3 hadi 4 kwa siku huku akiendelea kunyonya. Lakini ni dhuluma kumwagiza mama hayo bila kumpunguzia jembe, kuni na maji, hasa akiwa mjamzito. Hapo baba ndiye mwenye kuulizwa.

Iringa yenyewe ilikwisha kuonyesha njia. Mpango ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF na WHO ulipima uzito wa watoto vijijini, kamati zikajadili matokeo, na utapiamlo mkali ukapungua sana. Udumavu hujificha zaidi, kwa kuwa penye wafupi wengi mfupi hashangazi mtu. Kwa hiyo urefu nao upimwe kila kliniki, na hesabu ya kijiji isomwe kwenye mkutano, akina baba wakiwepo.