Saa ya Zamani Mkononi, Saa Mpya Dukani

Juma hili tunaijibu barua ya dada yetu mmoja wa Likoni. Tunaijibu hadharani, kwa idhini yake, kwa kuwa tunaamini nyumba nyingi zimo katika mjadala huo huo.

Dada yetu anavaa saa janja ya Apple Watch, toleo la Series 5, ambayo mumewe alimletea zawadi kutoka Dubai mwishoni mwa mwaka 2019. Kioo ni kizima na ukanda ameubadilisha mara mbili. Lakini siku hizi chaji haifiki Maghrib, na bintiye amemwambia kwamba saa hiyo imekwisha, kwani haipokei tena masasisho ya programu. Kaka yake aliyeko Maskati anakuja mwezi ujao, na yu tayari kumletea saa mpya iwapo atatumiwa fedha. Fedha zipo: shilingi 40,000, fungu lake la chama. Mume anasema saa bado yaonyesha wakati, basi kuna haja gani. Kisha, mwishoni kabisa mwa barua, baada ya salamu, dada yetu ameongeza mstari mmoja ambao kwetu sisi ndio barua yenyewe. Mama yake mzazi, anayeishi naye, ana maradhi ya presha, na yeye amesikia kwamba saa mpya hupima presha.

Tuanze na neno hilo la binti, kwamba saa imekwisha. Mwaka 2015 kampuni ya Apple ilipotoa saa zake za kwanza, miongoni mwazo zilikuwamo za kasha la dhahabu ya karati 18, bei yake ikianzia dola 10,000 na kupanda hadi 17,000. Mwaka 2018 programu mpya ya watchOS 5 ilipotoka, saa zote za kizazi kile cha kwanza ziliachwa nje, za dhahabu sawasawa na za alumini. Ilikuwa miaka mitatu tu. Sisi watu wa pwani twaijua dhahabu. Kikuku alichoacha nyanya hupelekwa kwa sonara kikapimwa, na bei yake leo huenda ikawa mara nyingi ya ile aliyonunulia. Lakini dhahabu ya saa ile ilikuwa imeizunguka kompyuta ndogo, na kompyuta hairithishwi. Kwa hiyo yeyote anayenunua saa ya namna hii, hata iwe ghali kiasi gani, ajue ananunua kitu cha miaka kadhaa.

Saa ya dada yetu imebahatika kuliko zile. Ilitoka Septemba 2019 na ikaendelea kupokea matoleo mapya hadi watchOS 10. Lile la watchOS 11, la Septemba 2024, ndilo lililodai Series 6 na kuendelea. Binti, basi, amesema kweli. Hata hivyo, saa iliyokosa toleo jipya haizimiki siku hiyo. Itaendelea kuhesabu hatua, kupima mapigo ya moyo, kuonyesha ujumbe na kupokea simu. Kinachotokea ni polepole zaidi: programu za watu wengine, kama zile za nyakati za sala, huanza moja moja kudai toleo jipya, na nyufa za usalama zinazogunduliwa baadaye hazizibwi. Mwenye kadi ya benki ndani ya saa yake ana sababu ya kulihofia hilo. Anayeitumia kwa hatua na simu za watoto ana muda wa kutafakari.

Shida yake ya kila siku ni betri, na betri ni jambo jingine kabisa. Kampuni yenyewe inasema betri za saa hizi zimeundwa ili zibaki na hadi asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 1000. Anayechaji kila usiku humaliza mara 1000 kabla ya kutimia miaka mitatu. Saa iliyovaliwa tangu 2019 imekwisha kupita hapo mara mbili, kwa hiyo si ajabu ikizimika Alasiri. Katika mipangilio ya saa, penye sehemu ya betri, pana asilimia inayoonyesha uwezo uliobaki. Dada aitazame. Ikiwa imeshuka chini ya 80, dawa ya kwanza ni betri mpya, na bei yake iulizwe kwa fundi anayeaminika kabla ya fedha yoyote kuvuka bahari.

Hapa pana tahadhari mbili. Betri ya saa hii hufikiwa kwa kuinua kioo kilichogandishwa kwa gundi, na gundi hiyo ndiyo inayozuia maji. Baada ya kufunguliwa mtaani, saa ihesabiwe kuwa haikingi maji tena: ivuliwe kwa udhu, kwa kuosha vyombo na kwa kuogelea. (Wapo dada wanaoivaa wakitia udhu na kuizungusha tu ili maji yapite chini ya ukanda. Kuivua ni salama zaidi kwa udhu na kwa saa. Hata mpya, kinga yake ya maji hupungua kwa miaka, na sabuni huiharakisha.) Tahadhari ya pili ni kubwa zaidi: kioo kikianza kujiinua chenyewe kutoka kwenye kasha, betri imevimba. Saa hiyo isichajiwe tena, wala isiachwe juu ya kitanda cha mtoto.

Sasa tuzitazame hizo mpya. Mnamo Septemba 2025 zilitoka mbili zinazomhusu dada yetu. Moja ni SE 3, ambayo bei yake Marekani huanzia dola 249, na nyingine ni Series 11, inayoanzia dola 399. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 129, ni takriban 32,000 na 51,000, kabla ya usafiri na ushuru. Fungu la chama linaitosha ile ya kwanza tu.

Na ile ya kwanza ina jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Series 5, hiyo hiyo inayoitwa kuukuu, ina chombo cha kuchora mapigo ya moyo. Mtu huweka kidole kwenye kitufe cha pembeni kwa sekunde 30, na mchoro huhifadhiwa kwenye simu ili daktari auone. SE 3 haina chombo hicho. Haipimi oksijeni ya damu, wala haina ile taarifa mpya ya presha. Ni nyepesi na ya kasi, huchajiwa upesi, na itapokea masasisho kwa miaka ijayo. Lakini kwa upande wa moyo, dada yetu angetoa shilingi elfu thelathini na kitu ili apate pungufu ya alicho nacho. Huduma hizi za moyo, aidha, hufunguliwa nchi kwa nchi kulingana na vibali, na kampuni huchapisha orodha ya nchi hizo. Isomwe kwanza, kwa maana kifaa kinaweza kuwamo ndani ya saa na huduma yake ikawa imefungwa mahali mnunuzi alipo.

Tumfikie mama.

Series 11 ina taarifa ya presha, na huduma hiyo hupatikana pia katika Series 9 na 10. Lakini haipimi presha kwa maana tuijuayo. Haitoi namba ya juu wala ya chini. Inachofanya ni kutazama jinsi mishipa ya damu inavyoitikia mapigo ya moyo, kwa muda wa siku 30, kisha ikiona dalili za presha ya kupanda humshauri mvaaji akapime kwa mashine ya kawaida. Na kampuni imeandika wazi kwamba haikukusudiwa kwa walio chini ya miaka 22, wala kwa wajawazito, wala kwa mtu aliyekwisha kutambuliwa kuwa na presha. Mama wa dada yetu yumo katika hao wa mwisho. Taarifa hiyo ingemwambia, kama ingemwambia, jambo analolijua tayari. Anachohitaji kujua ni kama dawa zinafanya kazi juma hili, na hilo halijulikani ila kwa namba.

Tunasisitiza pia lile la wajawazito, kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni wake wadogo. Presha ya ujauzito huweza kupanda kwa siku chache tu, na kifafa cha mimba hakisubiri siku 30. Mjamzito asiutegemee mkono wa saa badala ya kliniki.

Mtu atatuuliza kuhusu saa nyingine. Zipo za Samsung zinazotoa namba za presha katika nchi zilizoruhusiwa, lakini kila baada ya siku 28 mvaaji hutakiwa kuilinganisha saa na mashine ya mkanda. Maana yake, hata huyo hana budi kuwa na mashine nyumbani. Na zile saa za bei nafuu, zinazouzwa kwa maneno kwamba hupima presha, sukari na joto kwa mguso mmoja, tunawaomba mtutoe humo. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa namba ya uongo anaweza kupoteza maisha kabla ya alfajiri. Hili si suala la kupoteza fedha tu.

Dada yetu alidokeza pia wazo la kumvisha mama ile saa ya zamani, endapo mpya itakuja. Wazo zuri, kwani Series 5 hutambua mtu anapoanguka kwa kishindo na huweza kupiga simu ya dharura asipojibu. Kwa mvaaji aliyeandikishwa kuwa na umri wa miaka 55 au zaidi, huduma hiyo hujiwasha yenyewe. Lakini mama anatumia kabambe ya vitufe. Saa ya Apple huunganishwa na iPhone peke yake, na pasipo simu hiyo karibu, au mtandao, haina wa kumpigia. Mama akianguka bafuni na iPhone iko mfukoni mwa binti, Ukunda, saa itamtetemesha mkono tu.

Kwa hivyo rai yetu, dada, ni hii. Usitume fedha Maskati kwa ajili ya saa. Nunua mashine ya presha ya mkanda wa juu ya kiwiko, ambayo katika maduka ya dawa hupatikana kwa shilingi elfu chache, na ukiweza ipeleke kliniki siku moja walinganishe namba zake na za kwao. Kisha tia saa yako betri, ikiwa fundi atakutajia bei ya wastani. Ikiwa bei ya betri inakaribia nusu ya saa mpya, ivae hivyo hivyo, uichaji mara mbili kwa siku, mara moja ukiwa jikoni na mara nyingine baada ya Isha, mpaka ikushinde. Fungu lililobaki ni lako. Mume asikuhesabie, wala binti asikuone mchoyo. Hakuna israfu katika kuingoja saa ya Series 11 ishuke bei, na hapo utapata kitu kilichozidi ulicho nacho.

Hatusemi kwamba kila anayebadilisha saa anafuja. Aliye na moyo wa mapigo yasiyo na mpangilio, na daktari wake amemshauri afuatilie, na saa yake haina chombo cha kuchora, huyo ana haja. Vivyo hivyo aliye na saa ya Series 3, iliyoachwa tangu 2022, na kazi yake yategemea jumbe. Wanaotaka kununua iliyotumika wawe macho: muuzaji aiondoe saa kwenye simu na akaunti yake mbele yao, maana saa iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine haifunguki kwa fundi wala kwa ujanja. Na inayotoka Marekani iangaliwe namba yake ya bidhaa. Zinazoishia na LW/A ziliuzwa kuanzia Januari 2024 zikiwa zimeondolewa kipimo cha oksijeni kwa sababu ya kesi ya hataza, na ingawa mwaka 2025 kampuni iliwarejeshea wenye saa hizo kipimo hicho kwa njia nyingine, anayemnunulia mgonjwa wa pumu aulize mapema.

Kaka naye asivunjwe moyo. Ikiwa bado anataka kumletea dada yake kitu kutoka Maskati, na amlete mama mashine hiyo ya presha. Apimiwe kwanza mzingo wa mkono wa mama kwa utepe wa fundi cherehani, juu ya kiwiko, na namba atumiwe. Mikanda ya mashine hizi huja kwa ukubwa mbalimbali, na mkanda mdogo ukifungwa kwenye mkono mnene hutoa namba za juu kuliko zilivyo kweli, hata mtu akaongezewa dawa asizozihitaji.