Vitu vya Dini Aliyoihama: Tusimharakishe Mwenzetu

Msomaji akitoka Meru mjini na kushika njia ya Ruiri, ubichi wa migomba na mibuni humwacha kidogo kidogo, upepo huanza kuvuma bila kizuizi, na mbele yake hufunguka nchi kavu inayoteremka kuelekea Isiolo. Ni huko Ruiri, katika nyumba ya mbao yenye paa la mabati, ambako mwandishi wa makala hii alikaribishwa chai na mama mmoja mjane. Jina lake hatutalitaja, kwani mambo yake si ya kutangazwa sokoni. Chai ilipokwisha, mama huyo aliinama, akavuta sanduku la bati kutoka uvunguni mwa kitanda, akalifungua.

"Haya mwanangu," alisema, "wewe unayeandika magazetini, niambie. Vitu hivi nivifanye nini?"

Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe cha kichwa kilichokunjwa vizuri, chupa mbili ndogo za mafuta ya upako, kalenda ya zamani yenye picha ya kiongozi wa kundi akiwa amevaa suti, beji ya kubana kifuani, kanda sita za mahubiri, daftari la sadaka lenye tarakimu na sahihi, picha kadha za mikutano, na Biblia ya Kimeru iliyochakaa jalada.

Mama huyu alikuwa mfuasi wa kundi moja la Kikristo kwa miaka 9. Aliingia akiwa bado na matanga ya mumewe, na wale watu, kama anavyokiri mwenyewe, ndio waliomfuta machozi wakati jamaa walikuwa wakigombania shamba. Basi tusianze kwa kumcheka. Masharti yalikuja baadaye: rangi ya nguo, nani wa kusalimiwa na nani wa kupitwa njiani kama jiti, siku za kufunga ambazo ziliongezeka mwaka hata mwaka. Ng'ombe wa maziwa akauzwa. Siku ndugu yake wa tumbo moja alipozikwa, mama huyu alikuwa ndani ya nyumba hii hii, akisikia nyimbo za mazishi kutoka ng'ambo ya korongo, kwa sababu aliambiwa kwamba marehemu amekufa nje ya wokovu na kaburi lake lingemtia unajisi. Hilo ndilo lililomtoa kundini, lakini si siku ile. Lilimtoa mwaka uliofuata, polepole, jinsi mwiba unavyojitoa wenyewe katika nyama.

Sasa imepita miaka 2, na sanduku liko pale pale uvunguni.

Washauri hajawakosa. Jirani mmoja alimwambia atie mafuta ya taa na kupiga kiberiti. Mwingine akasema chooni ndiko kwenye haki yake. Mchungaji wa kanisa analosali siku hizi alimtaka avilete vitu vyote Jumapili, vichomwe mbele ya ushirika uone. Rafiki yake wa zamani, ambaye bado yumo kundini, alimwendea usiku kumwonya kwamba atakayeviharibu vitu vile ataandamwa na mikosi hata kwa wajukuu. Kijana mmoja mnunuzi wa vyuma vikuukuu naye alilipima sanduku kwa macho, akauliza bei. Kwa maoni yetu huyo wa mwisho ndiye pekee aliyezungumza naye kama mtu mwenye mali yake.

Twasema hivyo bila mzaha. Mtu aliyetawaliwa miaka 9, akiambiwa avae nini na amzike nani, hawezi kuponywa kwa amri nyingine hata kama amri hiyo ni njema. Moto wa Jumapili mbele ya ushirika una sura ile ile ya mambo aliyoyakimbia: mtu mmoja anasema, wengine wanatazama, naye anatii. Tofauti ni kwamba safari hii kiberiti kiko mkono mwingine.

Wachungaji wetu hupenda kutukumbusha habari za Efeso katika Matendo ya Mitume, ambako waliokuwa wachawi walivichoma vitabu vyao, na thamani yake ilipohesabiwa ikawa vipande 50,000 vya fedha. Ni habari ya kweli kwa waaminio, lakini isomwe vizuri. Watu wale walivileta wenyewe, kwa hiari yao, baada ya kuungama. Kuna habari nyingine ambayo haihubiriwi sana, ya mfalme Hezekia kuivunja nyoka ya shaba. Nyoka ile ilitengenezwa na Musa mwenyewe, tena kwa wema, ili watu wapone. Ila miaka ilipopita watu wakaanza kuifukizia uvumba. Kwa hiyo hata Maandiko yanajua kwamba kitu kilichoanza kwa baraka chaweza kugeuka mzigo, na mwenye kukitupa si lazima awe amemkana Mungu.

Wala si mara ya kwanza nchi hii ya Meru na Embu kuambiwa itupe vitu. Wamisionari wa Consolata na wale wa Kimethodisti walipoingia Meru kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, waongofu wengi walitakiwa kuyaacha mapambo na mila za wazee wao. Mwaka 1929, mgogoro wa tohara ya wasichana ulipozuka, misheni ya Chogoria ilidai kiapo cha utii, na washiriki wengi walihama kanisa kuliko kukubali. Kisha katika miaka ya 1930 ukaja uamsho uliotoka upande wa Rwanda na Uganda, ambao wafuasi wake waliungama hadharani, wakarudisha vitu vya wizi na kuvua mapambo. Hatusemi yote hayo yalikuwa mabaya. Mwizi aliyerudisha jembe la mwenziwe alifanya jambo la haki. Twasema tu kwamba bibi zetu walipotupa mali zao, mara nyingi hapakuwa na mtu aliyewauliza kama walikuwa tayari.

Makundi yenye kutawala watu huijua sana siri hii. Kabla ya kukupa vitu vyake, kundi hukutaka kwanza uachane na vyako. Hapa upande wa Tharaka na Mbeere twaifahamu dini ya Kavonokia, ambayo wafuasi wake wanajulikana kwa kukataa dawa za hospitali na chanjo za watoto. Hapo kinachoachwa ni kadi ya kliniki. Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, wafuasi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliishi kwa ukimya, wakisemezana kwa ishara, na waliuza mali zao kabla ya moto wa tarehe 17 Machi 2000 ulioua mamia ndani ya jengo la ibada. Nasi Wakenya tuna Shakahola yetu, ambayo hatutaisahau.

Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, kila mtu alizungumza juu ya njaa, na ni haki, maana zaidi ya miili 400 ilitolewa, watoto wakiwa wengi miongoni mwao. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walishtakiwa, nao wakakana mashtaka mahakamani mwaka 2024. Lakini kabla ya njaa palikuwapo jambo ambalo halikupewa uzito. Mackenzie alikuwa amefikishwa mahakamani tangu mwaka 2017 kwa sababu ya mafundisho yake dhidi ya shule, na jamaa za wafuasi walisimulia jinsi watu wazima walivyoharibu vyeti vyao vya masomo na vitambulisho kwa mikono yao wenyewe. Mtu asiye na kitambulisho wala cheti hana pa kurudi. Kwa watu hao karatasi ile ndiyo iliyokuwa mlango wa kutokea, nao waliufunga wakiwa ndani.

Ndiyo maana tunaposikia mtu ametoka katika kundi la namna hii, jambo la kwanza tungemshauri ni asichome karatasi yoyote. Tulimwambia hivyo mama wa Ruiri juu ya lile daftari la sadaka. Yeye aliliona kuwa la aibu kuliko vyote. Lakini humo mna miaka 9 ya fedha zilizotoka nyumbani mwake, kwa tarehe na kwa sahihi ya aliyepokea. Binti yake akiuliza siku moja ng'ombe alikwenda wapi, jibu liko humo. Hakimu akiuliza, jibu ni lile lile. Baada ya Shakahola, jopo la Rais lililoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi lilizunguka likisikiliza maoni ya wananchi, likatoa ripoti mwaka 2024. Machozi ni ushahidi, lakini daftari halikatiki kauli.

Picha za mikutano nazo twasema zibaki, hata kama zimegeuzwa uso chini. Katika moja mna wanawake kumi na watatu wamesimama jua kali, wote na vitambaa vyeupe. Mama huyu anawajua wote kwa majina, na wengine hajui waliko leo. Jamaa za waliofia Shakahola walingoja hadi Machi 2024 ndipo miili ya kwanza ikarudishwa kwao baada ya uchunguzi wa vinasaba. Wapo waliokuwa wameshika picha moja tu ya mpendwa wao. Huenda mama fulani huko Tigania au Mikinduri anamtafuta mmoja wa wale kumi na watatu.

Kalenda haikuwa na shida. Aliitoa ukutani siku ya kwanza, akashangaa kuona ufa kwenye ubao ambao upepo ulikuwa ukipitia miaka yote. Kanda anataka mpwa wake arekodi juu yake nyimbo nyingine. Beji haina maana tena, asema, ila pini yake ni nzuri.

Kuhusu mafuta, alifungua chupa moja mbele yetu, akanusa, akacheka kicheko cha kwanza cha mchana huo. "Haya ni ya kupikia," alisema. "Yale yale ya dukani." Akainuka, akatia matone katika bawaba za mlango ambao ulikuwa umelia kila tulipopita. Mlango ukanyamaza.

Tulidhani kitambaa kitafuata njia hiyo hiyo. Tulimwambia kingefaa kukaushia vyombo au kufunikia unga. Alikishika, akakizungusha mikononi, akakirudisha sandukuni. Mkono haujafika huko, alisema. Hapo ndipo sisi tulipofundishwa. Mafuta aliyapewa, lakini kitambaa alikishona mwenyewe kwa sindano, usiku, kwa taa ya kandili, katika mwaka ule wa kwanza alipoamini kwamba amepata watu. Ukimwambia akichome, wamwambia achome pamoja nacho furaha yake, ambayo ilikuwa ya kweli hata kama waliompa walikuwa na nia nyingine. Hatuoni ni kwa haki gani jirani au mchungaji au gazeti litamwamulia siku ya kuagana na furaha hiyo.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, yasema kila mtu ana uhuru wa dhamiri na dini, na kwamba asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Watu wengi wakisoma kifungu hicho huwaza mahakama na serikali. Sisi twafikiri kinaingia pia uvunguni mwa kitanda. Mchungaji mwema atangoja. Akiulizwa atajibu, na akiitwa kuomba ataomba, lakini asiingie nyumba ya mtu na kuhesabu vilivyomo. Jamaa nao waache kufanya sanduku hili mazungumzo ya arusi na matanga. Wako watu wa ukoo waliomwambia mama huyu, "Si tulikwambia?" Kweli walimwambia. Lakini wakati wa msiba wake walikuwa shambani wakipima mipaka.

Na kwa yule aliyekwisha kuharibu karatasi zake, asikate tamaa. Kitambulisho kilichopotea huombwa upya. Aanze kwa kuuliza ofisi ya usajili. Habari za vyeti vya mitihani huulizwa Baraza la Mitihani la Taifa. Ni safari ya kuchosha, tena yenye foleni, lakini wapo wanaomaliza.

Ilibaki Biblia. Tuliiacha mwisho kwa sababu yeye mwenyewe aliiacha mwisho. Ni ya marehemu mamake. Katika ukurasa wa mwanzo, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, yameandikwa majina ya watoto saba na siku zao za kuzaliwa. Kurasa za ndani zimejaa mistari ya wino mwekundu, aya alizoagizwa kuzikariri. Jina la tatu katika orodha ya watoto nalo limekatwa kwa wino huo huo. Ni la ndugu yake, yule aliyezikwa ng'ambo ya korongo. Kiongozi aliagiza majina ya waliokufa nje ya wokovu yafutwe, na aliyelikata ni yeye mwenyewe, kwa rula.

Kuitupa Biblia hii ni kumtupa mamake. Kuiweka ni kuutazama ule mstari. Tulikaa kimya kwa muda, upepo ukigonga mabati. Kisha alituuliza kama mtu anaweza kuandika jina chini ya jina, pale palipobaki nafasi. Tulisema twaona nafasi ipo. Alitafuta kalamu juu ya kabati, akaijaribu kwenye kiganja, ikawa imekauka wino. Tulimwachia yetu.