BARIDI YABISI SI UGONJWA MMOJA

Mtu aliyeishi Isevya, mjini Tabora, hawezi kukosa kulisikia neno hili kwa wazee na kwa vijana: baridi yabisi. Mzee akiinuka mkekani kwa kushika ukuta, ni baridi yabisi. Mama akishindwa kumsuka bintiye, ni baridi yabisi. Mtoto wa shule akirudi nyumbani anachechemea, naye ataambiwa amelala penye baridi. Na kwa kuwa neno ni moja, dawa nayo imekuwa moja: vidonge vya kutuliza maumivu vinavyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari.

Hoja yangu ni kwamba neno hilo linatutia hasara, na kwamba wa kwanza kuachana nalo hawana budi wawe vijana wetu wanaosomea udaktari na uganga.

Asili yake inaeleweka. "Baridi" na "yabisi" ni maneno ya Kiarabu, na ni sifa mbili kati ya nne ambazo matabibu wa kale wa Uyunani na wa nchi za Kiislamu walizitumia kuelezea maradhi: joto, baridi, unyevu na ukavu. Kiswahili kilipanda bara kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, na fikra za namna hiyo zikapanda nacho. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, kwa miezi kadhaa. Si ajabu kama baadhi yao walirudi na magoti mabovu. Lakini hapo mshtakiwa ni mzigo, wala si baridi.

Ncha za mifupa zinapokutana hufunikwa na gegedu, nalo halina mishipa ya damu. Kwa hiyo likichakaa halijijengi upya kwa urahisi. Uchakavu huo ndio unaowasumbua wazee wengi. Maumivu huzidi kwa kutembea, hupungua kwa kupumzika, na ukakamavu wa asubuhi kwa kawaida hupita kabla ya nusu saa.

Upo ugonjwa mwingine, tofauti kabisa, ambao madaktari huuita rumatoidi. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na adui wa nje, huushambulia utando laini uliomo ndani ya kiungo. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, tena wengine wakiwa bado katika umri wa kazi. Mara nyingi huanzia kwenye viungo vidogo vya vidole, mikono yote miwili, na ukakamavu wa asubuhi unaweza kuzidi saa nzima. Mwalimu mwenye ugonjwa huu hushindwa kushika chaki kipindi cha kwanza, akaishika vizuri kipindi cha nne, na mkuu wake akamdhania mvivu. Dawa ya kuuzuia ipo: metotreksati, inayotumiwa mara moja tu kwa wiki chini ya uangalizi wa daktari. Lakini faida yake kubwa huonekana ikianzwa mapema, katika miezi ya kwanza. Mgonjwa anayekaa miaka mitatu akimeza diklofenaki hupata nafuu ya maumivu huku viungo vikiendelea kuliwa, na tumbo na figo zake zikiwekwa hatarini.

Kwa mtoto hatari ni ya namna nyingine. Wiki mbili au tatu baada ya kuumwa koo kwa ajili ya bakteria waitwao streptokoki, viungo vikubwa huweza kuvimba, na maumivu yakahama kutoka goti hili hadi kifundo kile. Viungo hupona. Vali za moyo huenda zisipone, na kinga yake ni sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi.

Tena Tabora ni nchi ya wafugaji. Anayekunywa maziwa mabichi, akashikwa na homa za kupanda na kushuka pamoja na maumivu ya mgongo na nyonga, huenda ana bruselosi, ambayo hutibiwa kwa antibiotiki kwa wiki 6 au zaidi. Kumpa mtu huyo dawa ya kuchua ni kumpotezea wakati.

Wenzetu Wamakonde walitupa mfano bora. Mwaka 1952 na 1953 ulipozuka kwao ugonjwa wa homa na viungo, waliuita kwa kile walichokiona: chikungunya, kile kinachompinda mtu. Dunia nzima hulitumia neno hilo hadi leo.

Basi wakufunzi wawatoe wanafunzi darasani, wawaketishe kando ya mgonjwa wamwulize: ukakamavu wa asubuhi hudumu muda gani? Viungo vingapi, na vipi? Kuna homa? Unakunywa maziwa yasiyochemshwa? Kiungo kimoja kikivimba ghafla na kuwa cha moto, mgonjwa apelekwe hospitali siku ileile, kwani usaha huweza kuliharibu gegedu kwa siku chache tu. Na mkuu wa shule, wakati mwalimu wake akisubiri matibabu, anaweza kuipanga upya ratiba ili vipindi vyake vianze saa nne.