Neno la juma: «Cupriferous»



Juma hili tunachukua neno la Kiingereza lisilosikika sokoni: «cupriferous». Ndugu yake wa Kifaransa, «cuprifère», watoto wanakutana naye katika jiografia. «Arc cuprifère» ni ukanda wa mukuba unaotoka kwetu Kolwezi, unapita Likasi na Lubumbashi, mpaka Zambia.

Neno lina vipande viwili vya Kilatini. «Cuprum» ni mukuba. Warumi walilitoa katika jina la kisiwa cha Kipro, walikopata mukuba. «Ferre» ni kubeba. Basi maana yake ni hii: yenye kubeba mukuba. Mtoto akishika kipande cha pili, amefungua maneno mengine: «auriferous» ni yenye dhahabu, na «nappe aquifère» ni maji yaliyo chini ya ardhi, yale tunayochota kisimani.

Tunalitumia kwa udongo, jiwe au kilima. Waya wa mukuba hauitwi hivyo, maana wenyewe ni mukuba mtupu. Neno linataka kitu kinachobeba mukuba uliochanganyika ndani yake.

Wazee wetu walisoma udongo huo bila Kilatini. Kilima chenye mukuba mwingi hakioti miti mikubwa. Kinaota majani na maua machache yanayovumilia. Ua moja, ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, linaota hata mahali mukuba ulipoyeyushwa zamani. Wachunguzi wa mambo ya kale wamelifuata ili kupata mahali pa tanuru za mababu.

Hapo ndipo neno linaingia jikoni mwetu. Udongo unaobeba madini unayapeleka kwenye vumbi na kwenye mboga. Mwaka 2018, wataalamu wa Vyuo Vikuu vya Lubumbashi na Leuven (Ubelgiji) walitangaza uchunguzi wao wa Kasulo, mtaa wetu uliochimbwa katikati ya nyumba. Waliokaa pale walikutwa na kobalti nyingi katika damu na mkojo kuliko watu wa mtaa wa jirani, na watoto ndio waliozidi.

Basi, wamama, tusichukue udongo wa marundo ya migodi kwa kujaza bustani. Lengalenga na matembele tuyaoshe kwa maji safi zaidi ya mara moja. Lakini tujue kwamba kuosha kunatoa vumbi tu, hakutoi kile mmea umekwisha kunywa. Watoto wanawe mikono mbele ya bukari. Nguo za baba anayetoka shimoni zifuliwe mbali na zao. Udongo ubebe madini, mtoto asiyabebe.

Zoezi la watoto: tafuteni maneno matatu ya Kifaransa yanayoishia na «-fère», na mseme kila moja linabeba nini. Majibu tutayasoma juma lijalo.